Nimerudi na picha 900 za mikia ya ndege (uzi wa machipuko, hifadhi ndogo)

#1 Chelewachelewa (mleta uzi), 6 Aprili

Wakuu, habari za wikendi.

Baridi imekata, miti imeanza kutoa macho ya kijani, nikasema mwaka huu sikai ndani. Karibu na ninapoishi kuna hifadhi ndogo. Si zile za simba na tembo, ni bwawa moja, matete upande mmoja, miti upande wa pili na kijia cha kuzunguka. Nikabeba kamera na lenzi yangu ya 70-300, nikaingia saa nne asubuhi, nikatoka saa tisa. Nimelizunguka lile bwawa mara nne.

Jana usiku nikafungua picha. Ziko 900. Sitanii wakuu, ni mikia mitupu. Bata anaondoka, mkia. Ndege mweusi anaingia kichakani, mkia. Kuna kimoja nilidhani ni sungura, nikapiga kumi na mbili mfululizo. Kuja kukuza kwenye kompyuta, ni mfuko wa plastiki umenasa kwenye miiba.

Tatizo ni lenzi? Kuna mzee nilimkuta pale na lenzi kama bomba la moshi, amekaa kwenye kiti cha kukunja, hata hapigi. Kila nikimpita ananitazama kama mtu anayetaka kusema neno halafu analimeza.

#2 Bwana_Matete, 6 Aprili

Neno alilolimeza nalitema mimi: kaa chini.

Mkuu, umezunguka bwawa mara nne, maana yake umefukuza kila kiumbe pale mara nne. Mnyama hahesabu ukubwa wa lenzi yako, anahesabu miguu. Mtu anayetembea amesimama wima ndiyo sura mbaya kuliko zote kwa ndege. Ukikaa, umbo linakatika. Ukikaa na mti mgongoni, umbo linapotea kabisa.

Jaribu hivi. Chagua sehemu moja tu, jua likiwa mgongoni mwako. Kaa. Dakika kumi za kwanza utachoka, hakuna kitu, utaona umedanganywa. Ni kwa sababu ulipofika ulipigiwa kelele. Kuna ndege wadogo kazi yao ni kutangaza, "tik tik tik", na wote wanaoisikia wanajificha, hata wasio wa aina yao. Subiri ile tik ikome. Mimi huwa naona mabadiliko kati ya dakika ya 15 na ya 20. Kwanza vile vidogo vinarudi kwenye matawi ya chini. Kisha bata wanaacha kunyoosha shingo, wanaanza kula. Halafu kitu ambacho kilikuwepo muda wote mita nane kutoka ulipo kinatikisika, unagundua ulikuwa unakitazama ukidhani ni gogo.

Umesema bwawa lina matete. Mwezi huu tafuta kibisi mwenye kishungi, yule ndege mzamiaji mwenye shingo ndefu nyembamba na manyoya ya rangi ya kutu mashavuni. Wanacheza ngoma ya ndoa. Dume na jike wanatazamana, wanatikisa vichwa, mmoja huku mmoja kule, kama watu wanaobishana bila sauti. Siku ukiwa na bahati wote wawili wanazama, wanaibuka na majani ya majini mdomoni, wanasimama juu ya maji kifua kwa kifua huku miguu inapiga kasia chini. Ni sekunde chache tu. Miaka sita ninayo picha moja tu nzuri ya tukio hilo, na moja inatosha.

#3 Mama_Kereng'ende, 6 Aprili

Nimecheka mfuko wa plastiki hadi mume wangu amekuja kuuliza kulikoni 😂

Mleta uzi, hilo la lenzi achana nalo kwanza. Swali langu ni saa. Unaingia saa nne asubuhi? Saa nne wenzako wameshamaliza. Mwezi huu kwaya ya ndege inaanza karibu saa nzima kabla ya jua kuchomoza, na saa mbili za kwanza baada ya jua kutoka ndizo zenye kila kitu. Mwanga uko chini, wa dhahabu, unaingia pembeni. Upepo umelala. Wenye mbwa bado wako kitandani. Na dume wote wanaimba mahali pa wazi, kwa sababu kuimba ukiwa umejificha ni kazi bure.

Jambo lingine: sasa majani ni machache. Ikifika katikati ya Mei sauti utasikia, ndege humuoni. Aprili ndiyo dirisha letu, usilale.

#4 Fundi_Shata, 6 Aprili

Kwa upande wa kamera, kwa ufupi, maana najua hapa mtaanza mashairi.

Kasi ya shata, kwa sekunde. Ndege ametulia tawini: 1/500. Akiogelea au akijikuna: 1/1000. Akiruka: 1/2000 na kuendelea. Fungua lenzi mpaka mwisho, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) iache ijipange yenyewe na uiwekee kikomo. Usiogope 3200. Picha yenye chenga kidogo inasafishika, iliyotikisika haina tiba. Fokasi weka kwenye jicho. Jicho likiwa kali, mkia ukififia hakuna anayelalamika.

Ndege mweupe, bata maji au yangeyange, akiwa kwenye maji meusi: kamera inadanganyika na weusi, inaongeza mwanga, manyoya yanakuwa karatasi. Shusha fidia ya mwanga kwa hatua moja. Nyoya jeupe lililoungua halirudi, hata uwe na programu gani.

Na shuka chini. Picha ya bata uliyopiga umesimama ni picha ya mgongo wa bata. Lala kifudifudi, lenzi iwe sawa na maji. Lete nguo ya kubadilisha.

#5 Simu_Tu, 7 Aprili

Samahani wakubwa, mimi sina kamera, nina simu ya kawaida. Nifunge uzi au kuna nafasi yangu?

#6 Mama_Kereng'ende, 7 Aprili

Mwanangu, nafasi yako ni kubwa kuliko yetu, sisi tunabeba kilo nne za chuma.

Simu haifai kwa ndege wa mbali, hilo tukubaliane. Lakini machipuko yote hayako mbali. Angalia ukingo wa dimbwi: mayai ya chura. Yakiwa donge moja kama uji wa sago ni ya chura wa kawaida. Yakiwa nyuzi ndefu zimezungushwa kwenye mimea, kama shanga mbili mbili, ni ya yule chura mwenye ngozi ya mabonge. Simu yako itakaribia sentimita kadhaa na utaona kiinitete kikijikunja ndani. Usiyatoe majini, usiyahamishe bwawa, wala usiingize mkono wenye mafuta ya kuzuia jua au dawa ya mbu.

Halafu kereng'ende. Lava wake anapanda bua la tete asubuhi, ngozi inapasuka mgongoni, mdudu mzima anajivuta nje akiwa amekunjamana kama nguo iliyotoka kufuliwa. Mabawa yanachukua saa moja mbili kunyooka na kukauka, na muda wote huo hawezi kuruka. Hakuna kiumbe atakayekuvumilia hivyo. Mimi jina langu nililipata hapo, na picha ile nilipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Ukipata hela baadaye, nunua darubini kabla ya kamera. Imeandikwa 8x42? Nane ni mara za kukuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usikimbilie 12, mkono wako hautaituliza.

#7 Simu_Tu, 7 Aprili

Ahsante sana mama. Kumbe ile "uji" niliyoiona wiki iliyopita nikadhani ni uchafu…

#8 Mzee_wa_Kigogota, 9 Aprili

Vijana, nimewasoma. Naongeza kidogo kwa sababu Matete amemtaja kibisi.

Ndege huyo alikaribia kumalizwa Uingereza karne ya 19. Ngozi ya kifua chake ilivaliwa mabegani badala ya manyoya ya mnyama, na kishungi kilipamba kofia. Hasira juu ya biashara hiyo ya manyoya ndiyo iliyomfanya Emily Williamson aanzishe chama mwaka 1889, kikaja kuwa RSPB ya leo, chama cha kulinda ndege cha Uingereza. Baadaye, mwaka 1912, mwanabiolojia Julian Huxley akaenda kwenye mabwawa ya Tring, huko huko Uingereza, akatumia likizo ya majuma mawili tu kuwatazama vibisi na darubini na daftari. Alichokiandika kuhusu ngoma ile, kilichotoka 1914, bado wanaosomea tabia za wanyama wanakirudia. Huyo huyo ndiye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Majuma mawili, bwawa moja. Hakuzunguka mara nne.

Na kitu kingine ambacho huwa kinatugusa sisi tuliotoka kusini. Mbayuwayu mnaowasubiri mwezi huu wametoka kwetu. Zamani watu wa huku Ulaya hawakujua wanakokwenda, wengine wenye elimu yao waliandika kwamba mbayuwayu wanalala tope la ziwani mpaka baridi iishe. Mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, akapigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale mrefu umempenya shingoni, mshale wa Afrika ya kati. Aliruka nao mpaka kwao kuzaa. Wamemkausha, yuko Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo, mshale wake shingoni. Hapo wakaanza kuelewa. Kuvisha ndege pete zenye namba kwa utaratibu kulikuja baadaye sana, Mdenmark Mortensen alianza na kwezi mwaka 1899.

Kwa hiyo mbayuwayu wa kwanza akipita juu ya bwawa lako, msalimie kwa lugha ya nyumbani.

#9 Bwana_Matete, 9 Aprili

Shikamoo mzee. Kekeo pia, yule anayetaga kwenye viota vya wenzake. Anakaa misitu ya Kongo miezi mingi kuliko anayokaa huku. Anakuja, anaimba, anatupa watoto kwa walezi, anaondoka kabla kiangazi hakijaisha. Jike anahitaji kama sekunde kumi tu kutaga na kuondoka na yai moja la mwenye nyumba. Mnaemsikia akiimba "kuku, kuku" ni dume, jike sauti yake ni kama maji yanayotoka kwenye chupa.

#10 Safari_Kubwa, 10 Aprili

Mimi naona mnajichosha na vidimbwi. Ukitaka machipuko nenda mto Platte, Nebraska, Marekani, mwezi Machi: korongo wa kijivu mamia ya maelfu wanalala kwenye mchanga wa mto. Au ziwa Hornborga, Uswidi, Aprili. Unarudi na picha za maana kwa siku mbili.

#11 Mzee_wa_Kigogota, 10 Aprili

Nimefika Hornborga, ni kitu cha kuona kabla ya kufa, sikubishii. Ila pale utapata picha ile ile waliyopata watu mia tatu waliosimama kushoto na kulia kwako. Kwenye dimbwi lako ni wewe peke yako unayejua kwamba kigogota yule amehamia mti wa pili mwaka huu.

#12 Chelewachelewa, 20 Aprili

MREJESHO.

Nimekaa. Wakuu, nimekaa! Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mgongo kwenye mti, makalio yamelowa. Dakika ya 18 (nilikuwa naangalia saa) ile tik tik ikakoma, sikuamini. Vibisi wametikisa vichwa mita ishirini mbele yangu. Ngoma ya majani sijaiona, lakini nina picha 64 na kati ya hizo 9 zina macho.

Yule mzee wa bomba la moshi alikuwepo. Safari hii amenitolea chai kwenye chupa yake.

#13 Fundi_Shata, 20 Aprili

9 kati ya 64 ni kiwango kizuri sana. Tupia.

#14 Chelewachelewa, 4 Mei

Wakuu nina jambo la leo, nimefurahi na sijui kama nifurahi.

Upande wa nyuma wa hifadhi kuna eneo la changarawe, maji yamepungua. Nilikuwa napita tu. Mara ndege mdogo, mwembamba, kifua cheupe, ana kama mkufu mweusi shingoni na pete ya njano inazunguka jicho. Akakimbia mbele yangu huku anaburuta bawa, amevunjika kabisa, analia. Nikamfuata taratibu kama mita thelathini nikimpiga picha, nikifikiri nimwite mtu wa kuokoa wanyama. Nilipokaribia kabisa akaruka zake mzima kama si yeye! Nimepata picha kali sana, jicho liko wazi, bawa limefunguka. Ilikuwa ugonjwa gani huo?

#15 Bwana_Matete, 4 Mei

Si ugonjwa. Mkuu, ulikuwa umesimama kwenye kiota chake.

#16 Mama_Kereng'ende, 4 Mei

Aisee.

Chelewa, usijisikie vibaya mpaka ukaacha, lakini sikiliza. Ndege huyo hajengi. Anafukua kijishimo kwenye kokoto, anataga mayai manne kwa kawaida, yana rangi ya kokoto yenye madoa, ukiyatazama moja kwa moja huyaoni. Mtu akikaribia anajifanya amevunjika ili umfuate yeye, uondoke pale. Zile mita thelathini ulizomfuata alikuwa anakuongoza kama mtoto anayeshikwa mkono.

Muda wote huo mayai yako wazi yanapoa. Na kunguru wamesimama juu ya nguzo wanakuangalia wewe. Wakiona mtu amesimama mahali kwa muda, wanashuka kukagua baada ya kuondoka kwake. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba tunawaonyesha njia.

#17 Safari_Kubwa, 4 Mei

Mnamtisha bure. Dakika tano, picha kadhaa, ndege amerudi. Wanapitiwa na mbwa na watoto kila siku. Tukifuata hivyo hakuna atakayepiga picha ya ndege yeyote kuanzia Machi hadi Julai.

#18 Mzee_wa_Kigogota, 4 Mei

Safari, dakika tano ni zako. Halafu mwingine anakuja na dakika tano zake. Yule ndege hajui kuwa mnapokezana.

Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ndege huyo yuko kwenye orodha ya wanaolindwa zaidi, pamoja na mdiria. Kumsumbua kwa makusudi au kwa kutojali akiwa kwenye kiota ni kosa la jinai, si suala la adabu. Marekani wana sheria yao ya ndege wahamao tangu 1918, Ulaya wana maelekezo ya pamoja tangu 1979. Kila mmoja asome ya mahali alipo.

Ila nakubaliana nawe kwenye jambo moja: waliotutangulia hawakuwa malaika. Ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na baadaye wakatengenezesha ng'ombe wa ngozi, tupu ndani, mtu anaingia na kamera yake, ndege anadhani ni ng'ombe kweli. Eric Hosking alikuwa akipiga bundi kwenye kiota mwaka 1937, bundi akamtoboa jicho usiku, likaenda. Aliendelea na kazi kwa jicho moja maisha yake yote. Walikuwa na sababu ya kwenda kiotani: lenzi zao hazikufika mbali. Zetu zinafika.

#19 Safari_Kubwa, 4 Mei

Hoja ya lenzi naikubali. Nyingine bado naona mmezidisha, lakini sawa.

#20 Fundi_Shata, 5 Mei

Chelewa, picha hiyo umeshaipandisha mahali?

#21 Chelewachelewa, 5 Mei

Jana usiku, kwenye ukurasa wangu. Imependwa sana.

#22 Fundi_Shata, 5 Mei

Iangalie kama ina mahali. Kamera nyingi zikiunganishwa na simu zinaandika latitudo na longitudo ndani ya faili. Sehemu nyingine mtandao unazifuta unapopandisha, sehemu nyingine unaziacha. Na hata zikifutwa, nyuma ya ndege kuna ubao wa hifadhi unaosomeka? Kuna watu bado wanaiba mayai, na kuna wapiga picha ambao kesho watajaa pale hadi kijia kigeuke barabara. Kwenye mpangilio wa simu zima "mahali" kwa kamera, kisha toa nakala mpya ya picha.

Mwingine asije hapa na programu ya kucheza sauti ya ndege ili dume ajitokeze. Dume anadhani mpinzani ameingia nyumbani kwake, anaacha kulisha watoto anakuja kupigana na spika.

#23 Chelewachelewa, 5 Mei

Nimeifuta. Ubao ulikuwa unasomeka, kona ya kulia.

Nimempigia simu mtunza hifadhi nikamweleza nilipopita. Hakunigombeza. Amesema leo watafunga kamba upande ule.

Nimelala vibaya wakuu.

#24 Simu_Tu, 6 Mei

Pole kaka. Mimi ningefanya vile vile, tena ningemshika.

Nina swali kabla sijafanya kosa langu: jana nimekuta mtoto wa kulungu kajikunja kwenye nyasi ndefu, peke yake, hatikisiki, mama hayupo. Nimempiga picha moja nikaondoka. Nirudi nikamchukue?

#25 Mama_Kereng'ende, 6 Mei

USIRUDI. Umefanya sawasawa kabisa. Mama yake yuko karibu anakusubiri uondoke. Anamwacha makusudi saa nyingi, mtoto hana harufu kali na hatikisiki, ndiyo kinga yake. Kila mwaka watu wenye huruma wanabeba watoto wenye mama.

Ndivyo ilivyo kwa kinda la ndege lenye manyoya tayari linalorukaruka chini. Halijaanguka, limehitimu.

Na kwa kuwa umeingia nyasi ndefu: kagua mwili mzima leo usiku, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Kupe wa msimu huu ni wadogo kama mbegu ya mchicha na wengine wanabeba ugonjwa wa Lyme. Akikushika, kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Hakuna mafuta wala kiberiti. Siku zijazo suruali ndani ya soksi, hata ukichekwa.

#26 Simu_Tu, 6 Mei

Nimempata mmoja. Nyuma ya goti. Nimetoa.

#27 Bwana_Matete, 6 Mei

Andika tarehe kwenye kalenda. Doa jekundu likianza kutanuka pale siku au wiki zijazo, nenda hospitali, usisubiri liwashe.

#28 Chelewachelewa, 1 Juni

Mrejesho wa mwisho wa msimu, maana majani yameshafunga kila kitu na Mama alisema ukweli, nasikia sauti tu.

Sikwenda upande wa changarawe majuma matatu. Jana nilikuwa na yule mzee kwenye kibanda cha kutazamia cha upande wa pili wa bwawa. Kutoka pale hadi kwenye kamba ni mbali, sijui mita ngapi, kamera yangu inaona nukta. Akanipa darubini yake, hakusema kitu, akaninyooshea kidole.

Nilitafuta kokoto kwa kokoto. Kama dakika tano sikuona chochote. Halafu kokoto tatu zikakimbia.

Wakuu, ni kama pamba imechomekwa kwenye njiti mbili. Zinakimbia hatua kumi, zinasimama ghafla, zinapotea, yaani ziko pale na huzioni, halafu zinakimbia tena. Watatu. Mzee anasema mayai yalikuwa manne na hajui la nne lilikwenda wapi, na wala sikumuuliza zaidi. Kunguru akapita juu, mama akatoa sauti moja fupi, watoto wote wakalala bapa. Nikawa nimeshikilia darubini natazama kokoto tupu, mkono unatetemeka.

Nilipiga picha, bila shaka. Nimepiga 40 kwa ile 300 yangu. Fundi, nimezima mahali, na nimeangalia kona zote nne hakuna ubao. Naweka moja hapa chini, ndege yuko katikati, mkubwa kidogo kuliko chembe ya pilipili manga. Mkikuza mtaona mkufu.

#29 Fundi_Shata, 1 Juni

Nimekuza. Mkufu upo. Kasi ya shata?

#30 Chelewachelewa, 1 Juni

1/1000, ISO 800.

#31 Mama_Kereng'ende, 1 Juni

Nimekuza na mimi. Chelewa mwanangu, kushoto kwa mama, karibu na lile jiwe jeupe, kuna kifaranga ambaye hukumtaja. Amegeuka, anaondoka.

#32 Chelewachelewa, 1 Juni

Mnaona mkia tu?

#33 Mama_Kereng'ende, 1 Juni

Mkia tu 😂 Lakini hesabu tena. Wale watatu wote wako kulia.